Mita 75 za Rusizi

Viatu vya kukimbilia nilivipakata tangu Mwanza. Begi likipotea kwenye buti la basi nitanunua nguo nyingine, lakini viatu vilivyokwisha kunizoea miguu havinunuliki.

Mama nilimwambia naenda Kigali kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Ni kweli. Sikumwambia kwamba nikishambeba mtoto nitapanda basi jingine mpaka Rusizi, kule mpakani na Kongo, anakotoka refa Salima Mukansanga. Mama angeuliza, "Ni ndugu yetu?"

Mimi ni refa wa ligi ya mkoa. Viwanja vyangu mistari huchorwa kwa majivu, na nikitoa kadi lazima jukwaani atokee mmoja wa kunielekeza jikoni. Nimeshazoea. Kinachonisumbua ni miguu.

Tulipovuka daraja la Rusumo, chini mto Kagera ukinguruma kwenye maporomoko, dereva alihamia mkono wa kulia wa barabara na simu yangu ikarudi nyuma saa nzima. Nikawaza: mimi mwaka jana niliangushwa na sekunde mbili kwenye mtihani wa mbio wa marefa, na hapa watu wanagawiwa saa nzima bure!

Refa wa kike anayetaka mechi za wanaume hapunguziwi. Unaanza na mita 40 mara 6, kila moja isizidi sekunde 6. Kisha ndiyo kasheshe yenyewe: mita 75 kwa sekunde 15, tembea mita 25 kwa sekunde 18, kimbia tena, mara 40. Ni mizunguko 10 ya uwanja. Watu hudhani ugumu uko kwenye kukimbia. Kinachoua ni kule kutembea, maana pumzi hazijarudi na kipenga kinalia. Mimi nilikatikia mzunguko wa 7.

Nyamirambo, mtaa wa Kigali anakoishi mdogo wangu, ni kama nyumbani, Kiswahili kinasikika mpaka kwenye vibanda vya chapati. Jioni shemeji alinipeleka kuuona Uwanja wa Pelé kwa nje, tukaikumbuka Januari 18, 2022, Yaoundé, Zimbabwe 2 Guinea 1. Ndiyo siku mwanamke alipochezesha kati kwa mara ya kwanza kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya wanaume: Salima kati, vibendera vya Fatiha Jermoumi wa Morocco na Carine Atezambong wa Cameroon, kwenye VAR, yaani marudio ya video, Bouchra Karboubi.

Ile mechi niliitazamia kibandaumiza. Mwanzoni waliokuwepo walicheka, wakanigeukia mimi kana kwamba ndiye nimepangwa. Ilipofika kama dakika ya 20 walishasahau refa ni mwanamke, wakawa wanamtukana kama wanavyotukana refa yeyote. Sijawahi kufurahia matusi namna ile.

Hata sisi tuna wa kwetu, Jonesia Rukyaa, aliyeshika kipenga cha Simba na Yanga mwaka 2016. Anayeijua mechi hiyo anajua uzito wake. Ila Kombe la Dunia la Qatar, 2022, linaniuma mpaka leo. Waliitwa marefa wa kati watatu wa kike: Salima, Stéphanie Frappart wa Ufaransa na Yoshimi Yamashita wa Japani. Frappart akapewa Costa Rica na Ujerumani. Salima aliishia kuwa mwamuzi wa akiba, akiinua ubao wa kubadilisha wachezaji, Ufaransa ilipocheza na Australia.

Basi la Rusizi lilipita Muhanga, kisha Ruhango. Wilaya hiyo ndiyo yenye Gitwe, alikosomea Salima uuguzi na ukunga. Baada ya Huye barabara ikaanza kujikunja, tukaingia msitu wa Nyungwe, ukungu umelala barabarani, nyani wamekaa pembeni kama wanaosubiri nauli. Abiria wa mbele yangu alitapika kona zote. Nilimpa mfuko wangu wa nailoni, viatu nikavivaa.

Kamembe, mji wa Rusizi, tuliingia jioni. Hakuna sanamu wala bango. Kuna maduka, pikipiki, Ziwa Kivu, na ng'ambo yake taa za Bukavu. Sijui nilitegemea nini.

Kesho yake, kabla jua halijakaza, nilitafuta kipande cha barabara kilicho sawa. Vilima vile havikuachii vingi. Nikahesabu hatua zangu ndefu 75, nikaweka jiwe huku na jiwe kule. Mwenye pikipiki mmoja alinitazama kwa muda, kofia ngumu mkononi.

"Dada, umepoteza nini?"

Nikamweleza. Hakucheka. Akaichukua simu, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Mara ya kwanza, 14. Nikatembea. Ya pili, 14. Ya tano, 15. Alikuwa ameacha abiria wawili wampite. Ya tisa nilihisi mapaja yameota mawe, nikafika nimeinama, mikono magotini.

"Kumi na sita," alisema, akaifuta. "Hiyo hatuihesabu. Rudi kwenye jiwe."