Walimu sita, gari moja: kutoka Natron hadi uwanda wa Shira

Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari hapa Moshi, na kwa miaka mingi nilipofika kwenye mada ya barafu, picha nilizokuwa nazo zilikuwa za milima ya Uswisi na Norwei. Wanafunzi walinakili mchoro wa bonde la barafu la Ulaya huku Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikionekana dirishani. Kwenye mada ya volkano, mfano mkuu ulikuwa Vesuvius. Jambo hilo lilikuwa linaniuma. Mtoto wa Kibosho au wa Usa River anakaa juu ya volkano, anakunywa maji yake, analima udongo wake, kisha anafanya mtihani kwa kukumbuka mlima wa Italia.

Nikaamua kwenda kuziona mwenyewe volkano na barafu za kwetu, kati ya Ziwa Natron na uwanda wa Shira ulio juu ya Kilimanjaro, na kuwashawishi wenzangu. Tulikuwa sita, wote walimu, wengine wa Moshi na wengine wa Arusha. Fedha tuliikusanya kama tunavyofanya kwenye mchezo wa kupeana: kila mwezi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mwenzetu mmoja anayeaminika ndiye kijumbe, mshika fedha. Tofauti ni kwamba hakuna aliyepokea mapema. Zote zilikaa hadi likizo ya Juni.

Kulikuwa na hoja ya kuongeza watu. Mwenzetu mmoja alipiga hesabu akaona tukikodi Coaster na kujaza walimu wa shule mbili, kila mtu atatoa pungufu sana. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini nilikataa. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Engaresero ina mawe, vumbi na makorongo ya mchanga, na Coaster haiwezi kufika. Pia kundi la watu thelathini haliwezi kusimama pamoja mbele ya mwamba na kila mtu akauliza swali lake. Sita wanaenea kwenye Land Cruiser moja ya watalii, kila mmoja na dirisha lake, na wote wanamsikia dereva.

Dereva ndiye niliyemtafuta kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Arusha imejaa madereva wanaoongoza watalii, wengi wao hodari, ila wamezoea kuulizwa simba yuko wapi. Niliwapigia kadhaa na kila mmoja nilimuuliza swali moja: ukisimama Momella ukautazama Meru, wageni unawaambia nini? Wengi walinijibu kuhusu twiga na nyati. Mmoja, kaka Mmeru aliyewahi kuwa mpagazi mlimani kabla ya kupata leseni ya kuongoza watalii, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwalimu, mimi nawaambia watafute upande uliokosekana." Sikumpigia mwingine baada ya hapo.

Makubaliano tuliyaandika. Mafuta ni juu ya nani, chakula na malazi ya dereva ni juu ya nani, gari likiharibika nani anatoa jingine, na kama tairi la akiba ni moja au mawili. Kwa njia ya Natron tulidai mawili. Alituambia pia kila mtu abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu bila hicho geti la hifadhi haliwezi kukutoza kiingilio cha Mtanzania, na kwamba malipo ya hifadhi hayafanyiki kwa noti mkononi. Fedha taslimu tuliziweka kwa ajili ya mageti ya vijiji na halmashauri ya huko chini. Geti moja, risiti moja, na risiti zote zikatunzwa na kijumbe.

Mpangilio wa njia ulikuwa wake. Mimi nilitaka kuanza na Kilimanjaro kwa kuwa ni nyumbani. Yeye alisema tuanze na moto, tumalize na barafu, na tupande polepole kutoka chini kwenda juu. Ziwa Natron liko mita 600 hivi kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Shira unafika mita 3,800. Mwili unaoruka tofauti hiyo ghafla unaumwa. Ndiyo maana mikoba yetu ilikuwa na kanga nyepesi pamoja na makoti mazito ya mitumba tuliyoyachagua soko la Memorial, na hakuna hata kimoja kilichorudi bila kutumika.

Meru tuliuona kutoka Hifadhi ya Arusha. Mlima una mita 4,566, na ukiutazama kutoka mjini Arusha unaona pembetatu iliyokamilika. Ukiwa Momella, ndani ya hifadhi, unaona kitu kingine kabisa: ukuta mrefu uliojikunja nusu duara na ndani yake kilima cha jivu, lakini upande wa mashariki haupo. Zamani za kale upande huo ulibomoka ukateremka kama tope na mawe hadi mbali. Kaka alisimamisha gari kati ya vilima vidogo vilivyozunguka maziwa ya Momella, akazima injini na kutuuliza tuko juu ya nini. Tulikuwa juu ya mlima wenyewe. Vilima vile ni vipande vya Meru. Mlipuko wake wa mwisho, mdogo, ulikuwa mwaka 1910, kwa hiyo kuna bibi za bibi zetu waliouona.

Hapo ndipo mazungumzo yalipohamia kwenye maji. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huichukua. Watu waliokulia Maji ya Chai, Ngurdoto na vijiji vya jirani wanajulikana kwa meno ya kahawia, na wengine mifupa yao huathirika. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha kupunguza floraidi kwenye maji, na njia inayojulikana zaidi ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mwenzetu wa Kemia hakutaka kuondoka pale. Alikuwa amefundisha floraidi kwa dawa ya mswaki miaka yote.

Kreta (shimo la volkano) ya Ngurdoto tuliitazama kutoka ukingoni, nzuri, kisha tukashika barabara ya Makuyuni.

Baada ya Mto wa Mbu lami inakuacha. Kushoto ukuta wa Bonde la Ufa, kulia tambarare la vumbi, mbele Mlima Kerimasi na nyuma yake Mlima Ol Doinyo Lengai. Engaruka tulisimama kuona mabaki ya kuta za mawe na mifereji ya watu waliolima kwa umwagiliaji karne nyingi zilizopita, wakiyatumia maji yanayoshuka kutoka nyanda za juu za volkano. Ningependa kurudi pale peke yake siku moja.

Lengai ina mita 2,962 na ni volkano hai. Upekee wake uko kwenye lava. Lava ya kawaida, ile ya kwenye video za Hawaii, hutoka na joto linalopita nyuzi 1,000. Ya Lengai ina sodiamu na kaboneti nyingi na madini ya silika kidogo mno, hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi na nyepesi kama oili ya gari, na ikipata unyevu wa hewa inabadilika kuwa nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hiyo. Weupe unaouona kileleni ukiwa mbali, ambao wageni wengi hudhani ni theluji, ni lava na jivu. Niliposikia hivyo nilikumbuka Julai 2007, ardhi ilipotikisika mpaka watu wa Arusha wakatoka nje ya majengo. Septemba mwaka huohuo Lengai ililipuka kwa nguvu, ikarusha majivu hadi mwaka 2008, na wafugaji wa karibu wakalazimika kuhamisha mifugo.

Kijana wa Kimaasai wa Engaresero, anayeongoza wageni kijijini, alitueleza kwamba akina mama bado huenda kwenye mlima huo kuomba, hasa wanaotafuta mtoto. Kupanda kileleni huanza usiku wa manane na mteremko ni mkali. Tuliamua kutopanda. Kundi letu lina mtu wa miaka ishirini na kitu na mtu anayekaribia kustaafu, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba tunafanya tu kile ambacho wote sita wanaweza. Sikuona tumepungukiwa na chochote.

Tulipata nyayo badala yake. Karibu na ziwa kuna uwanda wa jivu lililoganda, na juu yake zaidi ya nyayo 400 za binadamu walioishi maelfu ya miaka iliyopita, visigino, vidole, hatua kwa hatua. Jivu lenyewe limetokana na Lengai. Wataalamu waliopima kundi moja la nyayo wanakadiria watu 17 waliotembea pamoja, 14 kati yao wanawake wazima, na wanadhani walikuwa wakitafuta chakula. Yule kijana alituonyesha mstari mmoja wa hatua na kutuambia tutembee kando yake bila kukanyaga. Nilitembea. Hatua zake na zangu zilikuwa na urefu karibu sawa. Sijui kama nitawahi kufundisha neno "jivu la volkano" tena bila kumfikiria mtu huyo wa kale.

Joto la Natron mchana halina mfano kwetu watu wa mlimani. Tulienda ziwani alfajiri kuwaona heroe, wale flamingo wadogo ambao katika Afrika Mashariki yote hawana mahali pengine pa kuzalia pa kutegemewa isipokuwa hapa. Magadi yanayounguza ngozi ndiyo yanayowalinda, maana fisi na mbweha hawawezi kuvuka kuyafikia mayai.

Kurudi tulipita njia ileile, tukavuka Arusha hadi Boma Ng'ombe, tukapanda Sanya Juu na kulala Ngare Nairobi. Kaka alisisitiza tulale huko badala ya kila mtu kwenda kwake Moshi, ili mwili uanze kuzoea. Juni ile Moshi mjini ilikuwa imefunikwa mawingu kwa siku nyingi. Huku magharibi ni upande mkavu zaidi, na asubuhi tuliamka tukaikuta Kibo yote wazi.

Geti la Londorossi la hifadhi ya Kilimanjaro, msitu, kisha miti inafupika, kisha nyasi ndefu zinaisha na unabaki na vichaka na mawe. Gari linaweza kupanda hadi zaidi ya mita 3,000, baada ya hapo ni miguu. Shira ni volkano ya kwanza kati ya tatu zilizoujenga Kilimanjaro. Ilibomoka ikaacha uwanda, na Kibo ikaja baadaye. Kaka alitupa masharti mawili: tembea kiasi cha kuweza kuongea, na kichwa kikiuma sema hapohapo.

Kutoka uwandani barafu inaonekana kwa vipande, nyeupe kwenye mwamba mweusi. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliiona mwaka 1848 na wasomi wa London wakakataa kuamini. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilipimwa ikawa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Wanafunzi wangu watakuwa na umri wangu wa sasa.

Sababu zake ni jambo nililojifunza vizuri zaidi pale juu kuliko kitabuni. Kule kileleni hewa kwa kawaida ni chini ya nyuzi 0, kwa hiyo joto peke yake halielezi kila kitu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa imekuwa kavu zaidi, mawingu na theluji vimepungua, na jua linapiga kuta za barafu moja kwa moja. Sehemu kubwa inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Na hapo kaka alituonyesha chini, tulikotoka: mito ya Uchagani inaishi kwa mvua na ukungu unaonaswa na msitu, mchango wa barafu ni mdogo mno. Barafu ikiisha nitasikitika sana. Msitu ukiungua, Moshi itakosa maji. Mioto ya miongo iliyopita imekwishaondoa eneo kubwa la msitu wa juu.

Mwenzetu mmoja alianza kuumwa kichwa na kichefuchefu tukiwa bado tunachora. Kaka hakujadiliana na mtu. "Mwalimu, pole sana, tunashuka," akasema, na wote sita tukafunga madaftari. Tulipofika msituni alikuwa tayari anaomba chai.

Siku ya mwisho, kabla ya kuagana, tulipita Ziwa Chala mpakani na Kenya, kreta iliyojaa maji yanayotoka Kilimanjaro kwa chini ya ardhi. Tulikula chapati zilizobaki tukigawana picha kwenye simu. Sasa nikifundisha barafu natumia michoro yetu ya Shira, na mwenzangu wa Kemia amewapa wanafunzi wake kazi ya kupima maji ya visima vya kwao.

Kijumbe ameshafungua daftari jipya. Safari hii tunataka kreta za Olmoti na Empakaai, kwa gari lilelile na kaka yuleyule, na kiwango cha mchango tumekipandisha kidogo kwa sababu kiingilio cha Ngorongoro lazima kihesabiwe mapema.