Siku moja ya nesi wa simu, Mwanza

Saa 12 asubuhi nashuka ngazi za mawe huku Mabatini kuwahi daladala. Saa 2 kamili nimeketi, simu mkononi, daftari la wagonjwa walioruhusiwa wiki hii mbele yangu.

Wa kwanza ni mama wa Igoma. "Presha imepona, nimeacha vidonge." Nikamuuliza kama amepima. Hajapima, ila kichwa kimeacha kuuma. Tumekubaliana arudie vidonge vyake na leo akapime.

Saa 4 nampigia babu mmoja wa Ukerewe, ana kisukari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kiu haiishi, na usiku mzima nakojoa."

Sindano anachoma, chakula anaangalia. Nikamuuliza insulini anaiweka wapi.

"Mlisema kwenye baridi. Nimeizika kwenye barafu la sangara, sandukuni kwa mwanangu."

Nilinyamaza kidogo. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Na babu hakukosea: karatasi aliyopewa wodini iliandikwa "hifadhi kwenye baridi", naye akatafuta baridi kali kuliko zote kisiwani. Angeulizwa siku ile nyumbani kuna nini, yasingetokea.

Nikamwomba aweke sauti ya nje, bibi naye asikie. Chupa ile itupwe. Leo hii apelekwe Nansio akapimwe sukari na kupewa nyingine. Chupa ikishafunguliwa, aina nyingi hukaa takriban siku 28 bila friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Kwa hiyo aiweke kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kivulini.

"Sasa babu, nifundishe mimi."

Akaanza vizuri, mchanga akausahau. Bibi akamkumbusha. Tukarudia mpaka akasema yote mwenyewe. Dakika 25, na sijutii hata moja.

Saa 7, ugali na dagaa. Saa 9 mtandao unasumbua, lakini mjamzito wa kisiwa cha Kome amenitajia dalili za hatari bila kusaidiwa: kutokwa damu, kichwa kikali, kuona maruweruwe. Nikamuuliza zikimjia usiku atavushwa na mtumbwi wa nani. Hakuwa na jibu. Kesho nitaongea na mumewe.

Saa 11 jioni nampigia babu tena. Wamerudi Nansio, sukari imeonekana iko juu, dawa mpya anayo.

"Subiri," akasema. Nikasikia kifuniko cha chungu kikigota. "Umesikia? Imo."