Koyo Kouoh na kuta za Dodoma

Tangu Koyo Kouoh, mratibu wa maonesho ya sanaa mzaliwa wa Cameroon, afariki, Mei 10, 2025, huko Basel, Uswisi, nimekuwa nikiyarudia maisha yake kila kazi yangu inapokwama. Sikuwahi kukutana naye. Mimi ni afisa utamaduni katika moja ya halmashauri za mkoa huu wa Dodoma, na siku zangu nyingi huishia kwenye vibali, vikundi vya ngoma vya kupokea viongozi na ripoti za robo mwaka. Lakini nilisomea sanaa, na ninachokitaka kwa moyo wote ni kuwa mratibu wa maonesho: mtu anayechagua kazi za wasanii, akazipanga zikasemezana, akasimama na msanii wakati hakuna anayemwelewa. Katika Afrika ya miaka hii ya karibuni ni wachache mno walioifanya kazi hiyo kwa kina kama huyu mama wa Douala.

Hakuanzia kwenye sanaa. Alizaliwa Cameroon mwaka 1967, akahamia Zurich akiwa na miaka 13, akasomea biashara na mambo ya benki, na benki ndiko alikoanza kazi. Baadaye akawahudumia wanawake wahamiaji kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mwaka 1996 alihamia Dakar na mwanawe mdogo, kwa sababu hakutaka mtoto wa kiume mweusi akulie Ulaya. Huwa nawasimulia haya vijana wanaokuja ofisini wakiamini kwamba kwa kuwa wamesoma uhasibu Chuo Kikuu cha Dodoma, mlango wa sanaa umeshafungwa. Na tunaye wetu wa kumtaja: Sungi Mlengeya, mchoraji wa Kitanzania, naye alikuwa mfanyakazi wa benki hadi alipoamua mwaka 2018 kuishi kwa brashi yake. Wanawake anaowachora wanajitokeza kwenye weupe mtupu, weusi wa ngozi yao ukibeba picha nzima. Ukimwona mmoja tu humsahau.

Kinachonigusa zaidi kwa Koyo ni mpangilio wa mambo yake, kipi kilitangulia kipi. Mwaka 2008 alianzisha RAW Material Company, kituo cha sanaa pale Dakar, na hadi mwaka 2011 kituo kilikuwa hakina ukumbi wake. Miaka mitatu kinaishi kwa mazungumzo, vitabu na watu. Maktaba ilikuwa moyo wa kituo. Wasanii walialikwa kuja kukaa na kufanya kazi, watu wakabishana kuhusu siasa, mwili, historia. Mwaka 2012 aliwakusanya watu wa vituo vya sanaa kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wakae chini wajadili taasisi zetu zinajengwaje na zinadumuje. Mwaka 2016 kikazaliwa chuo ndani ya kituo hicho hicho, kwa ajili ya waratibu na wasanii vijana. Wakati huohuo alikuwa akiitwa Kassel, Ujerumani, kutoa ushauri kwenye documenta, maonesho makubwa ya sanaa ya kisasa, ya 2007 na ya 2012. Angeweza kubaki huko kwenye majukwaa makubwa. Alikuwa akirudi Dakar.

Huku kwetu tunaanza na jengo. Nimekaa kwenye vikao vingi vya kupanga "kituo cha sanaa", na kila mara nusu ya kikao inaliwa na ramani, vigae na idadi ya viti vya ukumbi. Hakuna anayeuliza nani ataajiriwa kukaa mle ndani Jumanne asubuhi mtoto wa shule akigonga mlango. Dodoma ni makao makuu ya nchi, imejaa wizara na hoteli mpya, na tunayo makumbusho ya jiolojia yenye mawe na madini ambayo nawasihi wazazi wawapeleke watoto wao. Lakini kijana wa Chang'ombe anayechora kwa mkaa au rangi ya maji hana pa kupeleka kazi yake ikakaa mwezi mmoja ukutani. Anaenda Dar es Salaam. Waliomtangulia walikwenda Bagamoyo, mji wa pwani wenye chuo cha sanaa. Marehemu Hukwe Zawose, fahari ya Wagogo, zeze lake lilisikika duniani kote likitokea Bagamoyo.

Mwaka 2019 Koyo alichukua ukurugenzi wa Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika pale Cape Town. Kwangu mimi mtoto wa Kibaigwa, niliyekulia kati ya malori ya mahindi, jengo lile lina mvuto wake, maana lilikuwa kihenge. Vihenge 42 vya zege, virefu, vilivyohifadhi nafaka bandarini tangu miaka ya 1920. Msanifu Thomas Heatherwick aliviacha vimesimama, akavikata kwa ndani akatengeneza ukumbi mkubwa ulioiga umbo la punje moja ya mahindi, iliyokuzwa hadi kufikia urefu wa ghorofa kumi. Lilifunguliwa Septemba 2017. Linapendeza, sina ubishi.

Ila jumba lile lilibeba jina la mfanyabiashara wa Kijerumani na lilianza kwa kutegemea mkusanyiko wake, na mkurugenzi wa kwanza aliondoka mwaka 2018 likiwa limeshaingia kwenye misukosuko. Watu wengi wenye akili timamu wangelikwepa. Mimi mwenyewe jambo la jina lile bado linanikera. Yeye alilichukua, akaona haifai nyumba kubwa namna ile ya sanaa ya Afrika ife, akaanza kuijenga upya kwa ndani: watumishi, utafiti, maonesho makubwa ya msanii mmoja mmoja yanayoonesha kazi ya maisha yake yote.

Halafu ikaja korona. Jumba likafungwa Machi 2020, na lilipofunguliwa Oktoba lilifunguliwa na maonesho ambayo nayafikiria karibu kila siku. Wakazi wa Cape Town waliombwa walete sanaa iliyomo majumbani mwao. Yoyote. Vituo vya kupokelea viliwekwa huku na huko mjini, na zikaja takribani kazi 2,000. Zilitundikwa zikijaza kuta, mchoro wa mtoto kando ya kazi ya msanii mwenye jina, kitu cha bibi kando ya kitu cha tajiri. Fikiria mtu ambaye hajawahi kuingia mle, pengine kwa kuona si mahali pa watu kama yeye, anaingia sasa kutafuta kitu cha sebuleni kwake.

Basi nimeanza kuangalia kuta za watu. Napokewa Ipagala, Makole, Nkuhungu, nakunywa chai, macho yako ukutani. Picha ya mahafali yenye fremu ya dhahabu. Picha ya Mwalimu. Kalenda ya mwaka juzi iliyoachwa kwa sababu ya mandhari yake. Chui wa Tingatinga aliyenunuliwa safarini. Kanga iliyotandazwa mahali pa pazia, jina lake likisomeka vizuri. Vitambaa vya kufuma kwenye makochi, na nikiuliza vimefumwa na nani, mara nyingi ni mama mwenye nyumba, na hajawahi kuulizwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa bibi mmoja upande wa Mvumi, mama wa rafiki yangu. Nilimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," kisha nikampa shikamoo. Kwenye nguzo ya tembe lake kilining'inia kibuyu cha maziwa, rangi ya asali iliyoungua, kimeng'ara kwa miaka ya mikono na mafuta. Kiliwahi kupasuka kutoka shingoni hadi katikati. Ufa ule umeshonwa kwa uzi, mishono midogo iliyolingana, na pembeni mwa mishono mtu aliongeza shanga nyekundu na nyeupe, ambazo hazikuwa na kazi yoyote ya kuzuia maziwa yasivuje. Nilikishika kwa muda mrefu. Nikamwomba anikopeshe kwa maonesho ya wiki mbili.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "nikikupa wewe, maziwa nitayaweka wapi?"

Sikuwa na jibu, na sidhani lipo jibu la haraka. Ni jambo lile lile la Kolo, kule Kondoa. Michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ina walinzi, waongoza watalii na vibao. Na bado wazee wa vijiji vya jirani hufika kwenye baadhi ya mapango kwa matambiko. Kwao mahali pale panatumika. Mratibu anayewaona kama usumbufu kwa urithi amekosea kazi. Mkoa huu vitu vyetu vingi vizuri bado viko kazini, na namna ya kuvionesha itabidi ifuate ratiba ya wenye navyo.

Kazi iliyomtangaza Koyo kuliko zote ni maonesho ya mwishoni mwa 2022, When We See Us, karne nzima ya watu weusi wakijichora wenyewe. Aliyapanga kwa dhamira kama maisha ya kila siku, furaha, mapumziko, mapenzi, imani. Watu wamelala kwenye kochi, wanacheza dansi, wanasali. Mlengeya wetu alikuwemo. Baadaye yalisafiri hadi Basel na Brussels. Nilitazama picha zake kwenye simu, usiku, nikiwaza ni mara ngapi picha za watu wa Dodoma zinazopelekwa nje ni za ukame na njaa, na ni nani ameshawahi kumtundika mwanamke wa Kigogo akiwa amepumzika tu.

Desemba 2024 alitangazwa kuongoza Biennale ya Venice ya 2026, maonesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa kazi hiyo. Alikufa akiwa na miaka 57, siku kumi kabla ya kutangaza dhamira yake hadharani. Lakini andiko lilikuwa tayari, na timu aliyoiteua mwenyewe ikakabidhiwa kuiendeleza kama alivyoipanga. Hilo limenifundisha kuhusu taasisi kuliko semina zote nilizopelekwa.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi amekubali kutupa madarasa mawili wakati wa likizo. Maonesho yatakuwa ya Jumamosi moja tu, asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila kitu kitakuja na mwenyewe, atakaa nacho, ataulizwa maswali, ataondoka nacho. Bibi wa Mvumi amekubali kwa masharti hayo. Mwanawe atamleta kwa bajaji. Ninachohitaji sasa ni vijana wawili wanaojua Kigogo na wenye mwandiko mzuri, wapite nyumba kwa nyumba wiki mbili kabla, waandike kwa kila kitu jina la aliyekitengeneza, kijiji chake, na kimetengenezwa na nini. Nauli na chakula cha mchana nitalipa mwenyewe. Anayemjua kijana wa namna hiyo anijulishe kabla ya mwisho wa mwezi.