Tindikali sakafuni, na mchanga uliokataa kuliwa

Mwaka juzi, tulipokuwa tukiikarabati nyumba ya wazazi wangu Tanga, fundi aliyekuja kuondoa madoa ya saruji kwenye sakafu ya terazo alimwaga tindikali bila kuizimua kwa maji ya kutosha, kisha akaenda kunywa chai. Aliporejea, povu lilikuwa limekwisha kutulia na sakafu imeharibika. Nilipiga magoti nikaitazama kwa karibu. Vipande vyeupe vya marumaru vilikuwa vimebonyea, kila kimoja kikiwa kishimo ambacho kidole kilikihisi, na saruji iliyovishika nayo ilikuwa imeliwa. Lakini chembe za mchanga zilizokuwamo ndani ya saruji zilibaki zimechomoza vilevile, zinang'aa, na kukwaruza kama msasa. Kwa hasara ile nilijipatia somo ambalo nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu wa jiografia tangu wakati huo.

Kwanza niseme neno kuhusu lugha. Sisi husema sukari imeyeyuka katika chai na siagi imeyeyuka juani, ilhali hayo ni mambo mawili tofauti. Siagi imelainishwa na joto tu, na ikipoa itaganda tena; sukari imesambaratika chembe kwa chembe ndani ya maji, yaani imemumunyika. Ninapozungumzia mawe hapa nakusudia maana hiyo ya pili.

Kalsiti, ambayo ndiyo madini ya marumaru, ya mawe ya chokaa na ya matumbawe, haimumunyiki sana katika maji matupu: lita moja huchukua takriban miligramu 14 tu. Linganisha na chumvi ya kawaida, ambayo lita hiyohiyo hupokea gramu 360 hivi, au jasi, ambayo huingia gramu mbili na ushei. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kwatsi, yaani ule mchanga mweupe unaong'aa, katika maji matupu haipitwi mbali na kalsiti, kwa kuwa nayo hutoa miligramu zisizozidi 10 hivi kwa lita. Kinachozitenganisha ni asidi, yaani tindikali. Ioni za haidrojeni (chembe za haidrojeni zenye chaji ya umeme) zilizomo katika asidi huunyakua upande wa kaboneti wa kalsiti na kuugeuza kuwa maji na hewa ya ukaa, na hilo ndilo povu tuliloliona. Kalsiamu iliyoachwa peke yake huondoka na maji. Kwatsi haina cha kunyakuliwa. Kila chembe ya silikoni imeshikwa na oksijeni nne, na kila oksijeni imeshikwa na silikoni ya pili, hivyo tindikali ya fundi hupita juu yake bila kupata pa kuanzia. Asidi inayoimudu kwatsi ni ile ya haidrofloriki, ambayo huchora hata vioo, na ambayo sitamani kuiona katika nyumba ya mtu yeyote.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kwamba jiwe gumu ndilo linalovumilia maji. Olivini, madini ya kijani yaliyomo katika miamba mingi ya volkano, inakaribia ugumu wa kwatsi, na kisu hakiikwaruzi. Lakini mafungu yake ya silika, yaani ya silikoni na oksijeni, hayakushikana yenyewe kwa yenyewe, bali yameunganishwa na magnesi na chuma. Asidi ikizing'oa metali hizo, jengo zima hubomoka, na ukiutia unga wake katika asidi kali unaweza kubaki na ute kama uji.

Mvua nayo ni asidi, ingawa hafifu, kwa sababu huibeba hewa ya ukaa kutoka angani. pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho kikiwa chini ya 7 huonyesha asidi, hukaribia 5.6. Ikipita katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza huongezewa hewa hiyo mara nyingi zaidi, na hapo ndipo inapopata nguvu ya kuchimba mapango ya mawe ya chokaa kama yale ya Amboni, karibu na Tanga. Maji hayo yanapodondoka ndani ya pango, hewa ya ukaa huyatoka, nayo kalsiti hurudi kuwa jiwe. Birika langu la Tanga hufanya vivyo hivyo kila asubuhi, na ukoko wake mweupe huuondoa kwa ndimu.

Ukitembea peku katika ardhi ya maweni kule Unguja utajua mvua inavyofanya kazi, kwa kuwa imelitoboa jiwe la matumbawe mpaka likawa na makali ya kukata nyayo. Bahari, kinyume na tunavyodhani, haistahili lawama ya kulimumunyisha: maji yake ya juu katika nchi za joto yamekwisha kushiba kalsiti. Ile mifuo iliyo chini ya majabali ya pwani ni kazi ya mawimbi na ya viumbe wanaotoboa na kukwangua zaidi kuliko ya kemia.

Mawe makubwa ya Mwanza ni habari nyingine. Ile ni itale (graniti), yenye kwatsi na madini mengine yaitwayo feldispa ndani yake. Maji huingia katika nyufa na kuila feldispa polepole: potasiamu na sodiamu huondoka, sehemu ya silika huzifuata, na kinachobaki ni udongo wa mfinyanzi. Kona ya jiwe hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, na uso upande mmoja, kwa hiyo kona hutangulia kuisha na jiwe huishia kuwa duara. Kwatsi huanguka ikiwa nzima, ikachukuliwa na mto, na siku moja ikauzwa kwa lori kwa watu wanaojenga.

Kwa upande wa pili kabisa uko mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai. Lava yake ina madini ya kaboneti ya sodiamu, mojawapo likiwa limepewa jina la Mwalimu Nyerere, nayo humumunyika katika maji ya kawaida bila kuhitaji asidi yoyote. Hutoka nyeusi kama lami, na unyevu wa hewa peke yake huigeuza kuwa nyeupe ndani ya muda mfupi, wakati mwingine hata kabla ya siku kwisha.