Plagi iliyobabuka: nilivyopanga umeme na taa za chumba changu cha mimea

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimeinama kwenye trei ya miche, nikidhani ni vumbi linaungua juu ya taa, kumbe ni plagi. Nilipoichomoa ilikuwa ya moto hadi nikaiachia. Pembeni mwa pini moja plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na kuvimba kama ngozi iliyobabuka. Chumba chenyewe ni stoo ya mita 2 kwa 2.5 niliyoipaka rangi nyeupe, nikaweka rafu tatu za saladi na mrehani upande mmoja, nyanya upande wa pili. Umeme wake wote ulikuwa unapita kwenye ekstensheni moja kutoka sebuleni.

Hesabu niliifanya usiku ule, yaani baada ya kosa, kama kawaida yangu. Nilikuwa na taa mbili za sodiamu nilizozinunua zikiwa zimetumika, zimeandikwa wati 600 kila moja. Lakini kila taa ina balasti, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye taa, na balasti nayo inakula umeme wake, kwa hiyo mbili zilivuta kama wati 1320. Feni na pampu ya maji, wati 45. Halafu dada yangu alikuwa amechomeka pasi ya wati 1200 kwenye ekstensheni hiyohiyo, maana tundu lilikuwa wazi na yeye hakuwa na habari za balasti. Jumla wati 2565. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 11 na kitu. Ekstensheni imeandikwa 13, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa salama.

Ila ile ekstensheni ni ya kuviringisha, na kibandiko chake kina namba mbili: wati 3000 ukiwa umeikunjua yote, wati 1000 ikiwa imeviringishwa. Mimi nilikuwa nimetoa mita mbili tu, zilizobaki zimelala zimebanana na joto halina pa kutokea. Soketi ya ukutani nayo ilikuwa imelegea, na mahali chuma kinapogusana kwa kulegea ndipo joto linapoanzia. Breka haikuruka kwa sababu haikuwa na kosa la kuona. Breka inahesabu mkondo, haina pua.

Fundi umeme alipokuja alikaa kimya akiigeuzageuza ile plagi mkononi. "Ndugu yangu," akasema, "pasi unaipiga nusu saa ukazima. Hizi taa zako zinakaa saa 16 kila siku. Soketi haipumziki." Sentensi hiyo ilinisaidia kuliko yote niliyokuwa nimesoma kuhusu taa. Mzigo wa saa nyingi mfululizo hauhesabiwi kama mzigo wa dakika chache. Ukitaka kulala usingizi, usivuke asilimia 80 ya kile breka inachoruhusu. Alinivutia laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 16, pamoja na kile kifaa kinachokata umeme mkondo ukivuja hata miliampea 30. Hicho usikikwepe. Chumba chenye tangi la maji na mtu mwenye mikono iliyolowa hakihitaji ushujaa. Soketi tukazipandisha usawa wa kifua, na kila waya nimeuacha ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likiteremka lidondoke hapo na lisiingie kwenye plagi.

Taa za sodiamu nikaachana nazo. Sikuwa na ugomvi na mwanga wake, nyanya ziliupenda. Tatizo lilikuwa joto na mita. Nikaenda kwenye LED, na hapo nikapigwa mara moja: taa ya kwanza boksi lake limeandikwa "1000W", nikaichomeka kwenye kipimo cha matumizi ikasoma 110. Tangu siku hiyo sinunui namba ya kwenye boksi. Naangalia wati inazovuta kweli, na inatoa mwanga kiasi gani kwa kila wati. Sasa nyanya zina paneli ya wati 240, rafu zina taa sita za wati 30. Nyanya zinawaka saa 14, rafu saa 16, feni na pampu hazizimwi. Kwa siku ni uniti 7.3 hivi. Zile za sodiamu, nilipokuwa naziwasha saa 16, chumba kilikula zaidi ya 22.

Mwanga wenyewe nilichelewa kuuelewa, kwa sababu jicho ni shahidi mwongo. Rafu ya chini ilionekana inang'aa vizuri, lakini miche ikarefuka, myembamba kama uzi, imelala upande mmoja. Nikashusha taa hadi sentimita 10, nikafurahi siku tatu, kisha mrehani ukaanza kupauka majani ya juu, meupe katikati kama yamemwagiwa jiki. Sasa nashika simu yenye programu ya kupima luksi, naiweka pale jani lilipo. Luksi ni kipimo cha macho ya binadamu, mmea una hesabu yake ya mikromoli, yaani kiasi cha chembe za mwanga zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, lakini kwa LED nyeupe nagawanya kwa 65 na napata makadirio ya kutosha kufanyia kazi. Saladi naitafutia kama mikromoli 200, yaani luksi 13,000, na kwa saa 16 inapata moli 11 na nusu kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni). Nyanya ninazipa 450. Napima pia kwenye pembe za rafu, maana mwanga wa katikati na wa pembeni si ndugu.

Taima ndiyo iliyonipa hasara kubwa kuliko plagi. Nilisafiri siku tisa, nikarudi nikakuta taa zinawaka saa ambayo zingekuwa zimezima. Kioo cha taima kinaandika "OFF", taa zinawaka. LED zikiwashwa huvuta mkondo mkubwa kwa kufumba na kufumbua, mara nyingi kuliko mkondo wake wa kawaida, na zote zilikuwa zinawashwa kwa mpigo na taima moja ndogo. Siku moja vyuma vya ndani vikagandana. Saladi ilivumilia, kingo tu zilikuwa zimeungua. Nyanya hazikuvumilia: zinahitaji giza, na majani yalikuwa ya njano katikati ya mishipa, mengine yakikatika ukiyagusa. Ilinichukua mwezi kuona jani jipya la kijani kibichi.

Sasa taima haibebi taa. Inawasha kontakta tu, yaani swichi nzito inayojifunga kwa umeme, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo. Rafu zinawaka saa 12 jioni, nyanya saa 2 usiku, zote zinazima saa 4 asubuhi. Usiku nimeuchagua kwa sababu ya joto: karibu kila wati inayoingia chumbani inaishia kuwa joto, na feni inafanya kazi rahisi hewa ya nje ikiwa baridi.

Umeme ukikatika sihangaiki na taa. Saa chache za giza hazimuui mtu. Nahangaikia pampu, kwa kuwa mizizi ya mimea yangu imo kwenye maji, na maji yakisimama inakosa hewa, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 inalinda pampu peke yake. Wati 10 zinaweza kulindwa. 420 za taa sikujaribu.

Kila Jumamosi, taa zikiwa zimewaka kwa saa kadhaa, napitisha mgongo wa mkono kwenye plagi zote, bila kuzichomoa. Vuguvugu sawa. Ikiwa ya moto, nazima breka na kumwita fundi. Ile ekstensheni bado ipo nyumbani, imekatwa plagi, dada yangu anaanikia nguo.