Goti zima, miwani ndiyo iliyoumia

Ukianguka kwenye skii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji, kila mtu anakuuliza goti. Miwani hakuna anayeiulizia. Goti langu ni zima, alhamdulillahi, na nyonga iliyovimba nimeisugua na kusahau. Kilichonisumbua kwa majuma ni miwani yangu ya jua, tena ile ya namba, kwa sababu bila namba mimi simjui mtu wala mti.

Kwa msiojua niliko: naishi Innsbruck, Austria. Mlima wa Patscherkofel uko hapo juu ya mji, kilele chake mita 2,246. Ndiko Franz Klammer alikochukua dhahabu ya mteremko kwenye Olimpiki ya 1976, na wenyeji hawakubali uisahau habari hiyo. Nikisema natoka Kenya, wananitajia Sabrina Simader, Mkenya aliyekulia hukuhuku Austria akashindana Olimpiki ya PyeongChang 2018. Huyo ni yeye. Mimi ni mtoto wa Mombasa niliyejifunza skii ukubwani, na ukiniona nikiteremka utajua bila kuambiwa.

Mwezi Machi theluji huyeyuka mchana, usiku ikaganda tena, kwa hiyo asubuhi unateleza juu ya chembe ngumu kama chumvi ya mawe. Nilikuwa nakata kona, ukingo wa skii ukakwama, nikaenda kifudifudi. Siku za ukungu huvaa ile miwani mikubwa ya kufunga kwa mpira, lakini siku hiyo mbingu ilikuwa safi bila wingu na mimi nilitaka miwani nyepesi. Helmeti ilifanya kazi yake. Katika kuifanya, iliusukuma mkono wa kushoto wa miwani mpaka bawaba ikatapika skrubu. Fremu ikapinda. Lenzi ya kulia ikapata mikwaruzo tu, ya kushoto ikapasuka pembeni, ufa mwembamba unaoanzia kwenye fremu na kuishia karibu kabisa na mboni.

Niliteremka kwa gari la kebo, kichwa chini, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Hilo halikuwa deko. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno, wakati mchanga mkavu wa ufukweni, ule wa Nyali unaotufanya tukunje macho, hurudisha kama asilimia 15 tu. Juu ya hapo, kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Macho yakiungua huko juu hujui papo hapo. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, uko kitandani, macho yanachoma na kutoa machozi, hata taa ya jikoni huitaki.

Jioni nikamtumia mjomba picha. Mjomba wangu ni fundi saa, kibanda chake hakiko mbali na soko la Marikiti, Mombasa, na kama mafundi saa wote wa kwetu, miwani za mtaa mzima hupitia mikononi mwake kwa sababu ndiye mwenye bisibisi ndogo. Alinijibu kwa sauti, kelele za tuktuk nyuma yake:

"Mwanangu, pole. Umeumia? Haya. Sasa nisikilize: supaglu usitie. Usithubutu!"

"Sijatia, mjomba."

"Maana nawajua nyinyi."

Sababu zake ni za kweli. Mvuke wa ile gundi hutua kwenye lenzi na kuacha ukungu mweupe usiofutika, na ikiingia kwenye bawaba, bawaba imekufa. Akaniambia nitafute skrubu ya kipimo kilekile, nisilazimishe nyingine kwa nguvu kwa sababu nyuzi za ndani zikiliwa hapo ndipo kazi inakuwa kubwa, kisha kabla ya kuikaza niipake tone la rangi ya kucha ili isilegee yenyewe. Pakiti ya skrubu za kuchanganya nilinunua hapa kwa bei ya kahawa. Nikatandika taulo jeupe mezani, maana skrubu ya miwani ikidondoka kwenye zulia umeiaga. Ile ya tatu niliyojaribu ikaingia laini. Rangi ya kucha niliyokuwa nayo ni nyekundu, kwa hiyo ukiangalia kwa karibu bawaba yangu ina nukta ya bibi harusi.

Fremu iliyopinda sikuigusa. Ni ya asetati, aina ya plastiki ambayo hulainika kwa joto, na kuna watu huichovya kwenye maji moto nyumbani. Lakini joto hilohilo linaweza kuharibu utando wa lenzi, na mimi nilitaka mtu mwenye mashine. Duka la kwanza la miwani halikutaka hata kuishika: nunua mpya, basi. Nilipotaja dhamana walitabasamu, na hapo nawaelewa, dhamana ya miaka miwili ya sheria za Ulaya ni ya kasoro za kiwandani, haihusu mtu aliyejibwaga mlimani. La pili lilikuwa na mama mmoja mtu mzima. Alizitoa lenzi, akaipuliza fremu kwa hewa ya moto, akaikunja kidogo kidogo kwa vidole gumba, akanivisha, akaivua, akakunja tena. Hakunitoza kitu.

Lenzi ndiyo hakuichekea. Yenye mikwaruzo, alisema, bado inazuia mionzi, inakuchosha tu macho. Dawa ya meno ninayoisikia mitandaoni, eti inaondoa mikwaruzo, ingeimalizia utando wake. Lakini yenye ufa haivaliwi tena mlimani: ukianguka mara ya pili, hicho kipande kiko sentimita chache kutoka kwenye jicho. Na zibadilishwe zote mbili, kwa sababu rangi ya mpya na ya zamani ni shida kuoana. Nikachagua polikaboneti, ambayo haivunjiki ovyo, giza la daraja la 3. La 4, lenye giza zaidi, ni zuri kwa barafu za juu sana, ila ni marufuku kuendeshea gari, na mimi sitaki miwani ya kuvua nikifika maegeshoni.

Nikiwa pale nilimpa aipime miwani nyingine, ile niliyonunua kwa mchuuzi Mombasa kwa shilingi mia mbili. Nilikuwa nimejiandaa kuidharau. Akaiweka kwenye kimashine chake, ikafaulu! Inazuia mionzi vizuri tu. Kasoro yake ni kwamba ukitazama nguzo ya taa kupitia pembeni, nguzo inacheza. Kwa hiyo weusi wa lenzi haukwambii kitu, wala bei. Ipeleke ipimwe, dakika moja imekwisha.

Lenzi zilifika, fremu imekaa, mkono wa kushoto uko juu kidogo kuliko wa kulia na nimeuacha hivyo. Mjomba alifurahi kwa picha ya nukta nyekundu, akauliza wazungu wamenitoza ngapi kwa lenzi. Sijamjibu bado. Kwa bei ile angetengeneza saa za Mombasa nzima, halafu anipigie simu anigombeze.