Vile nilifufua televizyo ya lampi hapa Lubumbashi

Watu mingi wananiuliza kama zile televizyo za mbao za miaka ya 50 na 60, za lampi (zile chupa ndogo za kioo zenye moto ndani), zinaweza kuonyesha picha tena ama ni za kuweka tu mu salon na kitambaa juu. Zinaweza. Nitaeleza vile nilifanya na moja ya Ubelgiji, sasa inawaka kwangu huku Katuba, lakini kitu ya kwanza mtu akamate vizuri ni hii: ukipata televizyo imelala miaka makumi, usiiingize ku umeme eti uone kama itawaka. Hapo njo zinakufaga. Inakaa nzima mu depo miaka yote, mtu anaikuta anafurahi, anachomeka fishi, moshi unatoka, ile transfo ya volti kubwa inaungua, na transfo yenyewe leo utaitafuta mpaka uchoke.

Hii ilikuwa kwa mzee mmoja alitumika ku kampuni ya shaba tangu wakati wa Union Minière, mbele haijakuwa Gécamines. Nikamuuliza, "Baba, hii televizyo munaweza kuniachia?" Akasema, "Mwanangu, utaifanyia nini, vijana wote wanataka ya plati, ile nyembamba." Nikamwambia nataka ionyeshe. Akaniangalia kwanza, kiisha akasema, "Basi beba, lakini siku itaonyesha uniite." Nikamletea mufuko wa unga, tukamalizana.

Nyumbani nikafungua mgongo. Vumbi, utando wa buibui, lampi zote mahali pao. Ukifungua hivi ujue kama mu televizyo mingi za aina hii shasi, ile sahani ya chuma inabeba vitu vya ndani, imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme wa ukuta, na fishi zetu za meno mawili unaweza kuzigeuza, kwa hiyo leo shasi haina kitu, kesho ukigeuza fishi inakuua. Mi natumia transfo ya kutenganisha, 220 kwa 220, bila hiyo siguse. Na ile kioo kubwa yenyewe inachunga umeme ndani hata fishi ikiwa nje, wakati wa kutumika inabeba zaidi ya volti 15,000, kwa hiyo unaitoa ule umeme kwanza kwa waya na rezistansi kabla mkono haujaingia. Usiipige, usiigonge shingo, ndani ni utupu, ikipasuka inatupa vipande vya kioo.

Kisha lampi. Zinaanza na herufi P: PCL82, PCL85, PL36, PY81. Ile P inamaanisha nyuzi za moto ndani yake zinakula miliampeya 300, na zote zimefungwa kwa mstari mmoja, umeme unapita moja unaenda ingine, mpaka ku kioo yenyewe. Sasa moja ikikatika zote zinazima. Nikazitoa nikapima kila moja na mita, PCL82 ya sauti ilikuwa imekatika. Fundi mmoja wa soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, akanionyesha ECL82, akasema ni sawasawa tu. Ndani kweli ni sawa, lakini moto wake ni wa volti 6.3 na inakula karibu miliampeya 780, mu mstari wa 300 haiwezi kupata moto. Nikaendelea kutafuta mpaka nikapata PCL82 mu televizyo ingine iliyooza mbao lakini lampi zake bado nzuri. Kwa hiyo mi nasema usitupe maiti ya televizyo, hata kama ni mbovu namna gani.

Kazi kubwa ni kondansatere, vile vitu vidogo vya kuchunga umeme. Zile za karatasi na nta, zote, toa zote, hata inayopima vizuri na mita ndogo, kwa sababu mita inapima na volti kidogo na kondansatere inavuja wakati inapata volti 200 na zaidi. Ile inayoleta sauti ku lampi ya mwisho ikivuja, lampi inapata moto kupita kiasi na inaweza kuvuta na transfo ya sauti. Sasa mahali pa kupata mpya hapa kwetu: hauna lazima ya kutuma nje. Angalia kwa mafundi, nyuma ya duka kuna mirundo ya televizyo za rangi za miaka ya 90, mule kondansatere za plastiki za volti 400, 630, hata 1,600 ziko mingi na bado nzima. Zile kubwa za elektrolitiki, za kusafisha umeme, nilitoa mu plati zilizopasuka kioo, ziko na 450 volti. Za kompyuta usiweke, mara mingi ni za 200, hazitoshi. Nikasude moja moja, moja ya zamani inatoka, moja inaingia, ndipo hauchanganye waya.

Siku ya kuiwasha nikaweka ampule ya wati 100, ya zamani ile ya waya, si ya LED, mu mstari mmoja na televizyo. Ampule ikiwaka sana na kubakia hivyo, kuna mahali umeme unakimbia, unazima. Ikiwaka kidogo kisha ikapunguka, kazi iko inaenda. Kwangu ilipunguka. Lampi zikaanza kuwa nyekundu polepole, karibu dakika nzima hakuna kitu, mtoto wangu akaja akaniambia, "Papa, kuna kitu inalia mule kama mbu." Mi sikusikia kitu! Ile sauti ni ya mistari inayochora picha, picha moja iko na mistari 625, na picha ni 25 kila sekunde, ni mistari 15,625, masikio ya watu wazima mara mingi yanaikosa. Lakini mtoto akisikia, ujue ile PL36, lampi ya mistari, inatumika na volti kubwa zinatengenezwa. Nilifurahi mbele ya kuona hata nuru.

Nuru ilikuja, lakini mstari mmoja mweupe katikati, wa kulala. Hapo punguza mwanga haraka, mstari ukibakia unachoma kioo. Maana yake upande wa kufungua picha juu na chini haufanyi kazi, ni PCL85 na vitu vyake. Kulikuwa kondansatere moja niliacha kwa sababu imejificha chini ya plaki, nikaibadirisha, picha ikafunguka, ila chini ilikuwa imejikunja, na hiyo ni ile kondansatere ndogo ku mguu wa katode wa ile lampi. Ikaisha.

Sasa kuleta picha. Inakamata VHF tu, mawimbi ya antena, kwa hiyo dekoda inapita kwanza mu kifaa cha kutoa AV (picha na sauti kwa waya), kisha mu modilatere ya VHF, ile inageuza picha kuwa mawimbi ya antena. Na televizyo ya Ubelgiji iko na kitufe cha ajabu, namna ine. Ubelgiji ilianza televizyo 1953, Wafaransa walikuwa na mistari 819, majirani wengine 625, na wao wenyewe wakawa na zao mbili, ya 819 kwa Kifaransa na ya 625 kwa Kiflama, kwa hiyo mtu wa Bruxelles alitaka kuona zote. Modilatere yangu inatuma ya Ulaya, kitufe kikiwa ku Ubelgiji picha inageuka, nyeupe inakuwa nyeusi na haisimame. Ukigeuza ku 625 ya Ulaya inasimama wima.

Nikamuita mzee kama tulivyopatana. Ilikuwa siku ya mechi ya Mazembe, timu yetu ya mpira, na jezi yao ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo alikuwa anaiona vile iko kabisa. Akaangalia mpaka mwisho, akauliza kwa nini haina rimoti, nikamwambia Baba utasimama.

Kuna wanaotoa vitu vyote vya ndani na kuingiza plati ndogo nyuma ya kioo. Mi sikubali. Mbao peke yake si televizyo, ile mashine ya ndani ni akili ya watu na inaweza kutumika bado, na ukishaitupa hakuna mwenye atairudisha.

Kioo yangu imeshachoka kidogo, mchana lazima nifunge rido. Natafuta PL36 mbili za akiba na PY81 moja, na mtu mwenye iko na televizyo ya lampi mu depo huku Lubumbashi, hata Likasi, asiichomeke, aniite kwanza.